Dakika za Filamu Zimepewa Nani?

Filamu ikiisha, neno la kwanza linalotutoka huwa moja kati ya mawili: nzuri, au mbaya. Kwenye banda la video, sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, au pale vijana watano wanapoinamia simu moja, hukumu hutolewa kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Kupenda na kutopenda ni haki ya kila mtu, na moyo hauombi kibali. Lakini mtazamaji wa Sandoa, wa Kapanga, wa Dilolo au wa Kolwezi huwa na la ziada la kusema, na mara nyingi hulimeza, kwa sababu ameaminishwa kwamba kuchambua filamu ni kazi ya waliosomea. Ushauri wangu kwake ni mmoja, na hauhitaji shule ya sinema. Kila unapotazama filamu, angalia dakika zake zimepewa nani, kisha ujenge maoni yako juu ya hesabu hiyo.

Nachagua dakika kwa sababu ndiyo mali ambayo kila mtengenezaji wa filamu anayo kwa kipimo. Mwandishi wa kitabu anaweza kuongeza kurasa mia na msomaji akamvumilia. Mwenye filamu ana saa moja na nusu, labda mbili, na humo ndani lazima achague nani atazungumza, nani atatazamwa usoni, nani atapita nyuma ya gari bila jina. Dakika anayopewa askari ni dakika anayonyimwa mama aliyejificha na watoto wake. Jambo hili tunalifahamu tayari kutoka kwenye vikao vya ukoo. Mtu mzima akihudhuria kikao hasikilizi tu yaliyosemwa. Anaona pia nani alipewa neno akalimaliza, nani alikatizwa, na nani alikaa tangu asubuhi bila kuulizwa kitu. Jicho hilohilo linatosha mbele ya kioo cha televisheni.

Tuanze na filamu iliyobeba jina la makao makuu ya mkoa wetu wa Lualaba. La Légion saute sur Kolwezi ilitoka mwaka 1980, ikiongozwa na Raoul Coutard, Mfaransa ambaye sifa yake kubwa aliipata akiwa mpiga picha wa filamu za Jean-Luc Godard. Inasimulia matukio ya Mei 1978: wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliingia Kolwezi tarehe 13, na askari wa miavuli wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakashuka tarehe 19. Katika siku zile waliuawa Wazungu zaidi ya mia moja na Wakongo kwa mamia. Hesabu sasa dakika. Wazungu wa mjini wana majina, wana ndoa, wana hofu tunayoonyeshwa machoni mwao. Askari wanaokuja kuwaokoa wana majina na vyeo. Wakongo, ambao ndio waliokuwa wengi mitaani na wengi pia kati ya waliokufa, wamebaki zaidi kuwa umati unaokimbia, unaofyatua risasi au unaolala chini. Mtazamaji asiyeijua Kolwezi anamaliza filamu akiamini kwamba mji ule ulikuwa na wakazi wachache waliozungukwa na kundi kubwa la watu wasio na habari zao wenyewe.

Mtazamaji wa huku analijua pengo hilo bila kuambiwa. Mwaka mmoja kabla ya Kolwezi, vita vya 1977, vile vinavyokumbukwa kwa jina la vita vya siku 80, vilipita upande wetu wa magharibi, kuelekea mpaka wa Angola. Kuna wazee ambao wangali wanaweza kueleza barabara zilifungwa vipi, watu walikimbilia wapi, na ilikuwaje kuwa na ndugu upande huu na ndugu upande ule, kwa kuwa wengi wa wapiganaji wale walikuwa watu waliotoka Katanga wakaishi uhamishoni. Kuyasema haya hakumsafishi yeyote aliyeua. Kunaonyesha tu kwamba hadithi ilikuwa na watu wengi kuliko walioingia kwenye filamu, na anayeijua nafasi iliyoachwa wazi ana jambo la maana la kusema kuliko yule anayesifu mlio wa bunduki.

Jaribu chombo hichohicho kwenye The Siege of Jadotville, iliyotolewa mwaka 2016 na Richie Smyth. Jadotville ni Likasi ya leo. Mnamo Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wapatao 150, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa na kamanda wao Pat Quinlan, walizingirwa pale kwa siku kadhaa na majeshi ya Katanga na mamluki. Ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi, na heshima inayowarudishia askari waliosahauliwa nyumbani kwao ni ya haki. Hata hivyo, Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga wakati ule na mzaliwa wa Musumba, ambaye jina lake bado lina uzito katika kila nyumba ya Walunda, anapewa dakika chache, na wakazi wa Likasi hawapewi karibu chochote. Kijana wa Sandoa anayejifunza habari za Katanga kwenye filamu hii peke yake atajua mengi kuhusu ushujaa wa Quinlan, na hatajua kwa nini watu wa nchi ile waligawanyika.

Hapa atatokea msomaji wa kupinga, na hoja yake ina nguvu. Atasema filamu ya Waireland ni ya Waireland. Hadithi ya kikosi cha Ufaransa haiwezi kuwa hadithi ya kila mkazi wa Kolwezi. Na hakuna filamu inayoweza kumpa kila mtu nafasi. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kwamba filamu yenye pengo ni filamu mbaya. Ninasema kwamba maoni mazuri hutaja pengo lilipo. Kuna tofauti kati ya kusema "filamu hii inadanganya" na kusema "filamu hii imechagua kusimama upande huu wa barabara, na kutoka pale ilipo haiwaoni hawa na hawa". Kauli ya kwanza ni ya kugombana, na mara nyingi huwezi kuithibitisha. Ya pili inaweza kuthibitishwa na yeyote atakayeirudia filamu akiwa na saa mkononi.

Vilevile usidanganywe na mahali filamu ilipopigwa. Wengi hudhani kwamba filamu isiyopigwa Kongo haiwezi kusema kweli kuhusu Kongo. La Légion saute sur Kolwezi ilipigwa Guyana ya Ufaransa, na Jadotville ikapigwa Afrika Kusini, ni kweli. Lakini Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, nayo ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, maana Kongo ilikuwa vitani. Pamoja na hayo, dakika zake nyingi ziko mikononi mwa Wakongo wanaobishana, wanaopanga, wanaokosea na kujuta. Miti ya kigeni nyuma ya mwigizaji haiharibu ukweli kama inavyouharibu ukimya wa watu ambao hadithi ni yao.

Sasa tugeukie filamu ambayo kila mkazi wa Lualaba ningemshauri aitafute. Inaitwa Makala, na huku kwetu neno hilo halina maana ya andiko la gazetini. Ni yale makaa meusi yanayopikia bukari. Emmanuel Gras, Mfaransa, aliitoa mwaka 2017, na mwaka huohuo ikapata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la filamu la Cannes. Inamfuata Kabwita Kasongo, kijana wa kijiji cha Walemba, anayekata mti mkubwa, anajenga tanuri la udongo, anachoma makaa, anapakia magunia juu ya kinga, yaani baisikeli, na kuisukuma kwa miguu kilomita 50 hivi hadi Kolwezi. Anataka kupata fedha za kununua manjanja, mabati ya kuezekea nyumba anayoiwazia yeye na mke wake Lydie. Hakuna mtangazaji anayeeleza umaskini ni nini. Kuna mwanamume, mzigo, mchanga, kilima na malori yanayompita karibu mno.

Kwa zaidi ya saa moja na nusu, dakika ni za Kabwita. Tunauona mti ukikataa kuanguka. Tunamwona akipima uzito, akifunga kamba, akisimama kupumua, akidaiwa malipo njiani, akibishania bei na wateja wanaotaka kumpunguzia jasho lake. Mtazamaji wa Paris anaweza kuona ajabu. Mtazamaji wa Sandoa, ambaye baisikeli zilizoelemewa ni sehemu ya barabara yake, anaona kazi, na anaweza kuihukumu kama kazi: kama kamba zimefungwa vizuri, kama tanuri limefunikwa sawasawa, kama bei aliyokubali ni ya mtu aliyechoka au ya mtu aliyekosa ujanja. Tena anamsikia Kabwita kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kuegemea maandishi ya chini ya picha, ambayo lazima yafupishe. Namna ya kusalimia, namna ya kubembeleza, namna ya kukataa bila kutukana: mambo haya mhakiki wa Ulaya huyapata nusunusu, na wewe unayapata mazima. Usiyafiche unapotoa maoni.

Lakini hesabu ya dakika peke yake inaweza kutupotosha, na Makala ndiyo inayotufundisha hivyo. Wako waliouliza: je, kumtazama mtu anavyoteseka kwa saa moja na nusu ni heshima, au ni kumgeuza kuwa maonyesho? Mpiga picha alikuwa pale, mikono yake imeshika kamera, huku mwenzake akisukuma. Swali hilo ni halali, na kila mtazamaji ana haki ya kulijibu kwa dhamiri yake. Nami ningemshauri aongeze kipimo cha pili: katika dakika alizopewa, mtu huyu anaamua jambo, au mambo yanampata tu? Kabwita anaamua tangu mwanzo. Anachagua mti, anapanga nyumba, anazungumza na mkewe juu ya watakachojenga, anakubali bei hii na kuikataa ile. Tunaiona akili yake ikifanya kazi pamoja na misuli yake. Filamu inayoonyesha maumivu ya mtu bila kutuonyesha hata mara moja anafikiri nini imemnyang'anya kitu, hata kama imempa saa mbili.

Kipimo hicho cha pili kinafaa sana kwa Empire of Dust, filamu ya Bram Van Paesschen ya mwaka 2011 iliyopigwa Kolwezi. Humo kuna Lao Yang, msimamizi wa vifaa wa kampuni ya Kichina ya CREC, aliyepewa jukumu katika ujenzi wa barabara ya kuunganisha Kolwezi na Lubumbashi, na kuna Eddy, Mkongo anayezungumza Kichina kwa ufasaha na kumtafsiria. Vipande vya filamu hii vimezunguka sana kwenye simu, hasa pale Lao Yang anapowalaumu Wakongo kwa kutotunza walichoachiwa na Wabelgiji. Wengine wakavisambaza kama ushahidi dhidi yetu, wengine wakakasirika na kumtukana Mchina. Pande zote mbili zilihukumu kipande. Filamu nzima inampa Eddy nafasi ya kusikiliza, kunyamaza, kujibu, na kuchagua maneno yatakayovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Inaonyesha pia utafutaji wa kokoto unaomchosha kila mmoja, na wauzaji wa Kongo wanaojua bei yao na hawana haraka. Ushauri ninaoutoa hapa ni rahisi na mzito: usiwe na maoni juu ya filamu uliyoiona kwa dakika tatu. Ukiulizwa, sema umeona kipande.

Kuvumilia hadi mwisho kuna faida nyingine, na Augure inaithibitisha. Filamu hii ya mwaka 2023 ni ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, na ilipata tuzo ya sauti mpya huko Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard. Koffi anarudi Kongo na mchumba wake Mzungu kuomba baraka za wazazi. Damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto mchanga, na ukoo unamwona mchawi. Katika nusu saa ya mwanzo, mama yake, Mama Mujila, anaonekana mgumu kama jiwe, na mtazamaji wa haraka tayari ameshamhukumu. Lakini Baloji ameigawa hadithi kati ya watu wanne, na zamu ya mwisho ni ya mama huyo. Anapopewa dakika zake ndipo tunaposogea karibu na uchungu ulioufanya uso wake uwe vile. Aliyezima simu katikati ameondoka na mama asiyekuwepo kwenye filamu. Katika nchi ambayo shutuma za uchawi zimewatupa watoto mitaani na kuwafukuza wazee majumbani, somo la kumsubiri mshutumiwa, na hata mshutumu, amalize kusema linavuka mipaka ya sinema.

Asije mtu akadhani kwamba nahubiri filamu ndefu. Machini, ya Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2019, ina dakika kama kumi tu. Watu wake ni vijiwe vilivyopangwa na kusogezwa hatua kwa hatua, na dunia yao imechorwa kwa chaki. Kwa dakika hizo chache inaonyesha uchimbaji wa madini unavyoweza kumgeuza binadamu awe sehemu ya mashine. Anayeishi karibu na machimbo ataelewa kwa nini mawe yamechaguliwa yawe watu. Filamu fupi kama hii inaweza kutazamwa mara tatu kwa jioni moja: mara ya kwanza kwa kuifurahia, ya pili kwa kuhesabu, ya tatu kwa kubishana.

Kuna pingamizi la watu waliochoka, nami nalichukulia kwa uzito. Mtu ametoka shambani au machimboni, anataka mapigano, mapenzi ya Kinigeria au vichekesho. Kwa nini tumpe kazi ya kuhesabu? Jibu langu ni kwamba hesabu hii haihitaji daftari, na haiondoi raha. Katika filamu ya mapigano utaona tu kama adui alipewa sababu ya kupigana, na utagundua kwamba zile zinazokumbukwa kwa miaka mingi huwa zimempa. Katika filamu ya ndoa utaona kama mke wa pili alipewa hata tukio moja akiwa peke yake na mawazo yake. Na kama umetazama toleo lililosimuliwa kwa Kiswahili, kwa mtindo uliowafanya Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wawe maarufu, kumbuka kwamba msimuliaji naye amechukua sehemu ya dakika. Ana kipaji chake na anastahili sifa zake. Mtenganishe na filamu yenyewe unapotoa hukumu, usije ukamsifu mwongozaji kwa mzaha asioujua.

Pingamizi la mwisho ni lile la kujidharau: maoni ya mtu wa kawaida wa Sandoa yana uzito gani? Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji swali hilo lilijibiwa kwa niaba yetu. Watawala na wamisionari waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, wakamtengenezea filamu za pekee, za mwendo wa taratibu na mafunzo ya wazi. Huko Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, na watu walicheka kwa furaha ya kweli. Lakini mpango mzima ulimwona mtazamaji kuwa chombo cha kujazwa. Leo filamu kuhusu shaba na kobalti yetu zinapotengenezwa na kuzungumzwa mbali nasi, ukimya wetu unaiendeleza imani ileile bila mtu yeyote kuilazimisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kutazama, jua jina la filamu, la mwongozaji na mwaka. Vitu vitatu hivyo vinakuwezesha kuzungumza na mtu wa mji mwingine mkiwa na hakika kwamba mnasema jambo moja. Wakati wa kutazama, tia akilini uso mmoja uliotamani kuuona zaidi. Baada ya kutazama, kabla ya "nzuri" au "mbaya", sema kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako ndani ya filamu, kisha kimoja unachokijua wewe ambacho haikukionyesha. Filamu ikigusa miaka ya 1961, 1977 au 1978, usiimalizie kwa vijana wenzako. Ipeleke kwa mzee, muulize kwa adabu, na ukubali jibu lake likipingana na la jirani yake. Ukiweza kuandika, andika mistari kumi, kwa Kiswahili au kwa Kifaransa, maana maneno ya mdomoni hayafiki Lubumbashi, sembuse Cannes.

Kabwita alisukuma mzigo wake siku kadhaa ili auze gunia kwa bei ambayo mnunuzi aliitaja katika pumzi moja. Anayeimaliza filamu yake kwa neno moja anafanana na mnunuzi yule. Tuwape watu wa filamu, hasa wanaofanana na sisi, bei inayolingana na safari yao: dakika chache za maneno yetu wenyewe, yaliyofikiriwa.